Baraza la Jiwe na Baraza la Chifu

Mwezi uliopita nilimsindikiza mpwa wangu kwa chifu, hapa Malindi, kutafuta barua ya kuombea kitambulisho. Tulikuta foleni chini ya mwarobaini na chifu mwenyewe hayupo. Ameitwa kwa DC, mkubwa wake wa wilaya. Watu wakikaa pamoja bila la kufanya, siasa haikosi. Kijana wa bodaboda akaanza: chifu ni mkoloni mweusi, wafutwe wote. Mzee mmoja wa kikoi, Mwamu, yaani mtu wa Lamu, aliyehamia huku zamani, akasema chifu si neno. Neno ni kwamba Pwani ilikodishwa kwa Kenya miaka hamsini, na miaka hiyo ilikwisha 2013. "Nti hini ina wenyewe," akamalizia kwa Kiamu, yaani nchi hii ina wenyewe. Hapo mama mmoja aliyekuwa amekumbatia bahasha ya khaki akauliza, "Basi mimi ni skwota wa Sultani, wa Mngereza au wa Nairobi?"

Watu wakacheka, hakuna aliyemjibu. Nami sikumjibu, maana jibu lake ni refu kuliko foleni ile. Najaribu hapa.

Kwanza maneno. Skwota ni mtu anayeishi kwenye ardhi asiyokuwa na hati yake. Ukoloni ni dola moja kuwatawala watu wa nchi nyingine bila ridhaa yao na kwa faida yake. Ila ndani ya neno hilo kuna mawili ambayo hapa Pwani ndiyo mzizi wa mkanganyiko: koloni na himaya. Chukua mfano wa nyumba. Koloni ni mtu aliyeingia kwako, akabandika jina lake mlangoni na kukuambia kuanzia leo wewe ni mpangaji. Himaya ni mtu aliyekwenda kwa mwenye nyumba, wakaandikiana. Jina la mwenye nyumba likabaki mlangoni na bendera yake juu ya dari, lakini funguo zote akakabidhiwa mgeni. Wewe uliye chumba cha nyuma utajua tofauti siku ya kulipa kodi tu, na hata siku hiyo utamlipa mwenye funguo.

Bara ya Kenya ilitangazwa koloni mwaka 1920. Mwambao, yaani ukanda wa maili kumi kutoka baharini, kuanzia Vanga hadi Kipini, pamoja na visiwa vya Lamu, Manda na Pate, ulikuwa himaya. Ndiyo sababu jina rasmi la nchi kabla ya uhuru lilikuwa Koloni na Himaya ya Kenya, na bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar ikaendelea kupepea Fort Jesus mpaka 1963. (Bara ya Lamu ina kisa chake. Witu ilikuwa chini ya Wajerumani kuanzia 1885 hadi 1890, na Lamu mjini mpaka leo kuna jumba la Posta ya Wajerumani, iliyofanya kazi kati ya 1888 na 1891. Watoto wa shule hupelekwa kuliona, sijui wangapi huambiwa Mjerumani alikuwa akitafuta nini.)

Hizo maili kumi zilipimwa na nani? Wengi hujibu: Berlin. Tumekaririshwa kwamba Wazungu walikaa kule kuanzia Novemba 1884 hadi Februari 1885, wakakata Afrika kama mkate wa mofa. Sivyo hasa. Walichopatana Berlin ni kanuni za mchezo: anayedai pwani awaarifu wenzake, na aonyeshe kwamba kweli ana mamlaka pale. Mistari mingi ilichorwa baadaye, wawili wawili. Wetu ulichorwa mwaka 1886, Mwingereza na Mjerumani walipogawana eneo kati ya bahari na Ziwa Viktoria, wakamwachia Sultani Barghash kile kipande chembamba cha pwani. Mstari huo haukumuuliza Mgiriama analima wapi wala Mbajuni anatega wapi nyavu zake. Na Sultani mwenyewe ni wa ukoo uliotoka Oman. Kwa hiyo hata "mwenye nyumba" wa mfano wangu alikuwa amepata umiliki wake kwa nguvu na kwa biashara, ikiwemo ya watumwa. Tukilipuuza hilo, hadithi yetu itakuwa ya kujipendelea.

Mwaka 1887 Barghash aliipa kampuni ya Waingereza ruhusa ya kusimamia mwambao na kukusanya ushuru kwa miaka hamsini. Hapo ndipo hamsini inapopatikana kwenye maandishi. Kampuni ikaelemewa na gharama, na mwaka 1895 serikali ya Uingereza ikachukua mahali pake. Desemba mwaka huo ukatiwa saini mkataba mpya na Sultani: pauni 11,000 kwa mwaka kama kodi, na pauni 6,000 nyingine za riba ya deni, jumla pauni 17,000. Kwa fedha hizo mtu alikodishiwa Malindi, Mombasa na Lamu, na watu waliomo.

Sasa tuje kwa mzee wa kikoi. Tarehe 8 Oktoba 1963, miezi miwili kabla ya uhuru, Uingereza, Kenya, Zanzibar na Sultani walikubaliana kwamba mamlaka ya Sultani juu ya mwambao yakome na ukanda uwe sehemu ya Kenya moja kwa moja. Kabla yake Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, mawaziri wakuu wa Kenya na Zanzibar, walikuwa wameandikiana barua zenye ahadi: Waislamu waabudu kwa uhuru, mahakama za kadhi zibaki, Kiarabu kiendelee kufundishwa pale kilipokuwa kikifundishwa, na hati za umiliki kamili wa ardhi ziheshimiwe. Hakuna tarehe ya kurejesha. Hakuna hamsini. Kama tungehesabu miaka ya Barghash, ingekwisha 1937.

Lakini mzee hakuzua kutoka hewani. Kauli ya "Pwani si Kenya", ya wanaodai Pwani ijitenge, haikushika kwa sababu watu walisoma mikataba. Ilishika kwa sababu mtu anaona shamba alilozikwa babu yake lina hati ya mtu asiyemjua, akatafuta maelezo, na maelezo ya mkataba uliokwisha muda ndiyo yaliyokuwa karibu. Ukimsahihisha tarehe bila kumjibu shamba, hujamjibu.

Basi tulijibu shamba. Mwaka 1907 utumwa ulifutwa kisheria katika mwambao. Mwaka uliofuata, 1908, ikatungwa sheria ya hati za ardhi ya Pwani: mwenye madai ya ardhi ajitokeze, atoe ushahidi, apewe hati, ardhi isiyodaiwa iwe ya Taji la Uingereza. Iweke miaka hiyo miwili pamoja uone. Mtu kaachwa huru jana, leo anaulizwa karatasi za shamba alilokuwa akilima akiwa mali ya mtu. Mmijikenda ambaye ardhi yake ilikuwa ya ukoo, haina mnunuzi wala muuzaji, anaulizwa mipaka na mashahidi mbele ya afisa. Waliofaulu zaidi ni wale waliojua kusoma, waliokuwa mjini, au waliokuwa na jamaa ofisini: Waarabu, baadhi ya Waswahili, Wahindi wafanyabiashara. Iliyobaki ikawa ya Taji.

Hapa kuna jambo ambalo watu wa bara huwa hawalielewi wakija Pwani. Mtu anaweza kumiliki nyumba na asimiliki ardhi iliyo chini yake. Huyu ana kuta na makuti, yule ana kiwanja, na kila mwezi au kila mwaka mwenye nyumba hupeleka kodi ya uwanja. Hata mti una siasa yake. Mpangaji wa shamba mara nyingi huruhusiwa kupanda mahindi na mihogo, lakini akichimba shimo la mnazi au mkorosho, mwenye hati huja juu. Kwa nini? Kwa sababu mhindi huvunwa ukaisha, na mnazi huishi kuliko aliyeupanda. Mnazi ni ushahidi. Nimeona watu wazima wakigombana mbele ya mche usiofika magotini, na aliyepita njia angedhani wamepungukiwa.

Uhuru ulipoingia, "ardhi ya Taji" ikaitwa "ardhi ya serikali". Neno moja likabadilika. Mamlaka ya kugawa, ambayo alikuwa nayo gavana wa Malkia, yakahamia kwa rais, na kamishna wa ardhi akawa Nairobi. Skimu za makazi za miaka ya 1970, kama ile ya Ziwa Kenyatta kule Mpeketoni na ya Magarini hapa kaskazini mwa Malindi, zilikatwa kwenye ardhi ya namna hiyo. Unaweza kubishana nani alistahili kupewa na nani hakustahili, na kule Lamu ubishi huo umegharimu roho za watu. Ila zingatia mpangilio wenyewe: aliyekata alikuwa mbali, na aliyekuwa akiishi pale hakuwa na karatasi ya kumzuia. Mpangilio huo ni wa 1908.

Turudi kwa chifu, maana foleni ingalipo.

Neno baraza kwa asili ni kiti cha jiwe. Ukienda Lamu, kila nyumba ya kale ina daka, yaani ukumbi wa mlangoni, na pande zote mbili za daka kuna baraza: mnakaa bega kwa bega, mwenye nyumba na mpita njia, kahawa inazunguka, na asiyekubaliana hujibu palepale. Serikali ya kikoloni ililichukua neno hili ikaligeuza. Baraza la chifu lina meza, kiti na bendera upande mmoja, na watu wamekaa chini upande wa pili. Habari hushuka. Maswali yakipanda, hupanda kwa adabu na kwa dakika zilizobaki. Nikiulizwa ukoloni ulituachia nini katika utawala, huonyesha hapo kwanza, kabla ya mipaka na kabla ya suti za wabunge.

Sheria ya 1902 ilimpa afisa wa kikoloni uwezo wa kuteua wakuu wa vijiji, na ile ya 1912 ikawaongezea nguvu, ikiwemo ya kuamuru watu wafanye kazi. Kazi yao ilikuwa kukusanya kodi ya nyumba, kutafuta vibarua na kupeleka habari juu. Kwa Waingereza huo ndio uliokuwa utawala kwa kupitia wenyeji: afisa mmoja Mzungu, wilaya nzima, na watu wa pale pale wa kumfanyia kazi. Frederick Lugard, aliyeipa mbinu hiyo jina kubwa huko Nigeria, alianza kwa kuitumikia ile kampuni iliyopewa mwambao, akipima njia ya kupanda Mto Sabaki, hatua chache kutoka tulipokuwa tumesimama na foleni yetu.

Mjini, ambako tayari kulikuwa na watu wa Sultani, walimkuta liwali, mudir na kadhi, wakawaweka kwenye mshahara. Kwa Wagiriama hapakuwa na mtawala mmoja. Palikuwa na kaya, makazi ya kale yenye ngome msituni, na ndani ya kaya wazee wa kambi, yaani baraza lao, waliokata shauri kwa pamoja. Afisa hawezi kuituma kambi ikakusanye kodi. Anahitaji mtu mmoja wa kumlaumu. Kwa hiyo wakatengenezwa wakuu wapya. Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama, alilielewa hilo mapema kuliko wasomi wengi. Mwaka 1913 aliwaapisha watu wasilipe kodi, wasitoe vibarua, wasiwatambue wakuu wa serikali. Akakamatwa, akapelekwa Kisii, akatoroka. Agosti 1914 Kaya Fungo ikalipuliwa kwa baruti. Leo sanamu ya Mekatilili ipo hapa Malindi, na chifu, cheo alichokipinga, hualikwa kwenye sherehe zake. Silaumu mtu, nacheka tu peke yangu.

Kwa hiyo, ukitaka kujua ofisi fulani ina ukoloni kiasi gani ndani yake, usitazame rangi ya aliyeikalia. Uliza amewekwa na nani, na akikosea anamjibu nani. Mwakilishi wadi wako umemchagua. Akikuudhi, baada ya miaka mitano mnaonana. Chifu ameajiriwa na wizara. Anamjibu kamishna msaidizi, ambaye sisi bado tunamwita DO, naye anamjibu naibu kamishna, yaani DC, na ngazi inapanda mpaka Nairobi. Hakuna mahali kwenye ngazi hiyo pameandikwa jina lako.

Ngazi hii ilikaribia kukatwa mara mbili. Katiba ya uhuru ilikuwa ya majimbo, na Ronald Ngala, mtu wa Pwani hii, alikuwa kiongozi wa walioipigania. Haikumaliza hata miaka miwili. Mwishoni mwa 1964 chama chake cha KADU kilikuwa kimejivunja, nchi imekuwa jamhuri, na mkuu wa mkoa amerudi kuwa mtu wa rais. Ukiwa mgeni ikulu na umekuta mashine inayosikia kitufe kimoja, kishawishi cha kuivunja si kikubwa.

Lamu iliionja mashine hiyo zaidi ya Malindi. Wakati wa vita vya shifta vya miaka ya 1960, vya waasi waliotaka Kaskazini Mashariki ijiunge na Somalia, sheria za hali ya hatari zilizotumika Kaskazini Mashariki zilifikishwa pia Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu, na hazikuondolewa mpaka 1991. Tangu enzi ya ukoloni maeneo ya kaskazini yalikuwa yakitawaliwa kwa sheria za peke yake, za kufungwa na kutembea kwa kibali. Serikali huru ilikuta kabati imejaa, ikavaa. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya 2014, Lamu iliwekewa amri ya kutotoka nje usiku, na mvuvi wa usiku akakaa akitazama bahari. Na ile ngome ya mjini, iliyojengwa kati ya 1813 na 1821, Mwingereza aliifanya jela mwaka 1910. Kenya huru iliendelea kufunga watu humo hadi 1984. Bendera ilibadilika, mlango wa seli ni uleule.

Mara ya pili ngazi ilipokaribia kukatwa ni 2010. Katiba mpya ilileta kaunti na magavana, na ikaagiza utawala wa mikoa ufanyiwe marekebisho ndani ya miaka mitano ili ulingane na ugatuzi. Vilivyobadilika upesi ni vibao vya ofisi. Ndiyo maana Lamu na Kilifi kila moja ina gavana aliyechaguliwa na kamishna aliyeteuliwa, na mwananchi hajui maji yakikatika au ng'ombe wakiibwa aanzie wapi. (Maji, kwa gavana. Ng'ombe, kwa kamishna na polisi.) Kuhusu kadhi, kabla ya kura ya maoni ya 2010 wapo waliotangaza kwamba mahakama yake ilikuwa ikiingizwa kwa mara ya kwanza. Ilikuwemo katika katiba tangu 1963, kwa ile ahadi ya Kenyatta kwa Shamte, na kazi yake ni ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu waliokubali kufika mbele yake. Ni moja ya mabaki machache ambayo watu wenyewe wameyapigania yabaki.

Kijana wa bodaboda angeniuliza: basi kila kitu ni kosa la Mzungu? Ndiyo hoja inayopendwa na wanasiasa wetu, maana Mzungu hashtaki. Tutazame kusini mpaka Tanga, safari ya siku moja. Tanganyika ilirithi machifu kama sisi, na mwaka 1963 ikawavua madaraka ya utawala. Iliwezekana, tena kwa sheria moja. Lakini mkuu wa wilaya, kiti cha DC wa Mwingereza, ikakihifadhi, na hadi leo huteuliwa na rais. Senegal wana prefe, mkuu wa kuteuliwa kama huyo, aliyeachwa na Mfaransa kwa mtindo huohuo. Urithi ulitoka kwa mkoloni. Uamuzi wa kuchagua kipi kitupwe na kipi kipakwe rangi ulifanywa na watu wetu, kwa sababu zao.

Wala kabla ya mkoloni hapakuwa peponi. Lamu ilikuwa na makundi mawili makuu, Zena na Suudi, yaliyopokezana uongozi wa mji kwa zamu, jambo ambalo vyama vyetu vya leo havijalimudu. Lakini mtumwa aliyejenga zile nyumba za matumbawe hakuwa na zamu.

Na yule mama? Aliponifungulia bahasha, mlikuwa na stakabadhi za kodi ya uwanja, nyingine zimefifia mpaka zinasomeka kwa kuelekezwa juani, zimeandikwa jina la mama yake. Kama kiwanja kile kilipata hati baada ya 1908, yeye si skwota wa Sultani wala wa Nairobi. Ni mpangaji wa mtu binafsi, na stakabadhi zinathibitisha hivyo, kwa uzuri na kwa ubaya. Kama hakikupata, kilikuwa cha Taji, kikawa cha serikali, na kwa katiba ya sasa ni ardhi ya umma iliyo chini ya Tume ya Taifa ya Ardhi, na karatasi zake zina uzito wa namna nyingine. Hatua ya kwanza ni kuangalia daftari kwa msajili wa ardhi. Nilimwambia hivyo. Akaniuliza kule kwa msajili wanataka nini.

"Kitambulisho," nikasema, "na huenda barua ya chifu."

Saa saba kasorobo chifu akafika, amepakiwa nyuma ya pikipiki, shati la kaki limelowa jasho mgongoni. Alikuwa amekaa benchini kwa DC tangu saa mbili, akaambiwa arudi kesho. Alipoteremka, sote tulisimama. Wa kwanza kusimama alikuwa kijana wa bodaboda, ameshavua kofia.